Penseli Nyekundu

Ofisi inahama Ijumaa. Wameniambia nipange masanduku,
nitupe yasiyo na kazi.
Miaka thelathini na moja nimepiga chapa hapa
ratiba, mihtasari, barua za "tunasikitika kukuarifu",
wala sijafundisha hata saa moja.
Lakini mfagia ukumbi huijua ngoma.

Nje theluji imefika kizingiti cha dirisha,
bomba la mvuke linakohoa kama mjumbe wa kamati,
nami nimepiga magoti mbele ya sanduku la kwanza kabisa.

Mwaka ule askari walirudi Dakota kwa makundi.
Chuo chetu, kidogo, katikati ya ngano,
kikawapokea kama ghala lipokeavyo mavuno ya ghafla:
popote penye nafasi.
Wanafunzi mia sita, walimu wa uandishi wanne.
Insha kila Jumatatu, maneno mia tano.
Ukikosea koma tatu, umefeli.
Hiyo ndiyo iliyokuwa programu. Haikuwapo nyingine.

Hollis Brandvold alikuwa na miaka ishirini na minne.
Alikabidhiwa darasa kwa sentensi moja, mlangoni:
"Unajua kusoma. Basi, fundisha."
Na boksi zima la penseli nyekundu.

Hii hapa insha. Karatasi imegeuka rangi ya chai.
Emil Tvedt, mtoto wa mkulima wa shayiri.
Mada: Safari Niliyoipenda.
Tvedt akaandika habari za daraja moja huko Italia,
walivyolivuka usiku wakiwa tisa
na walivyohesabiana ng'ambo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
maana hakuna aliyetaka kuamini nane.

Pembeni, kwa wino wa damu: Koma. Koma.
Sentensi ndefu mno.
Na chini kabisa: Umetoka nje ya mada.

Jumatatu iliyofuata Tvedt hakuja.
Daftari la mahudhurio, kuanzia hapo, lina mstari tu,
umenyooka, wa rula.

Brandvold aliirudia lini insha ile? Hakuwahi kusema.
Ninachojua ni kwamba baada ya miaka kumi na miwili, mwezi wa Agosti,
alifungua darasa la walimu kule chini, jirani na tanuri,
wiki mbili, bila posho.
Mimi ndiye niliyezungusha mashine ya kurudufu, vidole bluu hadi kiwiko.
Kila kijana alipewa nakala isiyo na alama
na penseli nyekundu iliyochongwa.
Kisha mwalimu hutoka, akavute sigara yake.

Akirudi haulizi mmeona makosa mangapi.
Huuliza: "Ng'ambo walifika wangapi?"
Na chumba kizima, kila Agosti, hutazama viatu vyake.

Isipokuwa Odile Kasprzak. Yeye hakuigusa penseli.
Alichukua kalamu yake ya mfukoni akaandika chini:
Huyo wa tisa aliitwa nani?
Brandvold akakaa. Sikuwahi kumwona amekaa darasani.

Odile ndiye aliyekuja kuwa mkuu, akafuta sheria ya koma tatu,
akaamuru: hutoi swali la insha mpaka uliandike wewe kwanza.
Profesa mmoja alijiuzulu kwa hilo. Hatukumfuata.
Halafu bajeti. Wiki mbili zikawa moja,
moja ikawa siku tatu.
Sasa ni saa nne, na keki.

Nimeishika nakala ya asili. Sikuwa nimeiona, nakala zangu tu.
Pale penye "nje ya mada" mtu amejaribu kufuta.
Amefuta tena. Nyekundu haikubali kwa urahisi,
karatasi imekonda mahali pale,
na ukiiinua dirishani, theluji inapita.

Nimelibandika sanduku: LISITUPWE.
Ijumaa ni keshokutwa.
Bado masanduku kumi na moja.