Kisima cha Tatu

Saham, saa tatu asubuhi, na jua limeshaota meno.
Kituo cha petroli kilifungwa miaka sita nyuma;
bei ya mwisho ingali ubaoni, tarakimu moja imedondoka.
Tangi lilivuja kimyakimya.
Petroli haikwenda mbali: imegeuka mvuke,
imejibanza baina ya chembe za mchanga.

Pampu inavuta. Biju anashika saa.
Nasoma mirija: mita mbili, nne, sita, kumi,
nikijaza visanduku vya programu kimoja kimoja:
unene wa tabaka, kina, joto, hewa itokayo kwa dakika.
Kompyuta nimeiweka ndani ya kasha la barafu
isije ikazimia kabla yangu.

Mama kapiga simu kutoka Al Khoud.
"Ghania, mnavuta maji?"
"Hewa, Mama."
"Hewa! Miaka minne chuoni, uje uvute hewa?"
Kiswahili hukitoa anapotaka kuniuma.
Kiarabu ni cha wageni.

Mstari umejipinda vizuri kwenye kioo,
ila nukta moja imekaa kando, imenuna.
Mita kumi wanausikia mvuto,
mita sita hawana habari,
kana kwamba pampu imewaruka mlango.

"Kifute," anasema mhandisi kutoka Maskati.
"Vitatu vinatosha. Ripoti ni Alhamisi."
Kidole kiko juu ya kitufe.
Kufuta ni rahisi
kuliko kupiga magoti juu ya saruji ya Julai.

Nikapiga magoti.
Nikapaka povu la sabuni shingoni mwa mrija
na povu likanywewa, fyu,
ufa ukajitaja, mwembamba kama unywele.
Udongo wa kuzibia ulikauka ukapasuka,
na hewa ya juu, hii hii yetu,
ilikuwa ikiingia bila kubisha hodi.

Tukakanda udongo mwingine kwa maji ya kunywa ya Biju.
Akaitazama chupa tupu, asiseme neno.
Tukangoja.
Sindano ikatetemeka, ikashuka.

Na programu ikatoa jibu:
sifuri, nukta, sifuri kumi na moja, kisha tatu.
Upenyevu, kwa mita za mraba.
Uwazi mdogo kiasi hicho,
na bado uchafu wa miaka sita utapita humo, ukipewa muda.

Kwenye daftari sikulifuta somo la kwanza.
Nimelipiga mstari mmoja, lisomeke bado,
na kando yake: saa tano na robo,
mrija ulivuja,
nadaiwa maji.