Kanuni za Saa Mbili Usiku

Kalamu nilipewa mimi kwa sababu moja tu:
mwandiko wangu unasomeka.
Si kwa adabu. Wangeniuliza habari ya adabu
ningelazimika kusema kweli.

Tulikutana Juni, theluji magotini,
katika banda la kukatia sufu la Baldomero,
mashamba tisa, farasi wakifuka moshi nje,
watu ambao sauti zao nazijua kuliko nyuso.
Kumbe Dinko ni mfupi.
Arianwen, ambaye hewani hukohoa kabla ya kila sentensi,
alikohoa, nikamtambua kabla hajageuka.

Huku Patagonia jirani yuko mwendo wa nusu siku.
Lakini saa mbili usiku tunawasha redio,
masafa yaleyale, sote,
na majiko tisa yanakuwa jiko moja.
Bei ya sufu. Nani ana homa. Puma kaonekana wapi.
Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia.
Hakuna mlango wa kufunga.
Ukisema na mmoja umesema na wote,
pamoja na mtoto aliyejificha chini ya meza.

Mwezi wa nne Eulogia Quilapán alitaka kutupa habari
ya mbwa wake, Pampa.
Ana kigugumizi. Alisema, "Pampa ame... ame..."
Dinko akammalizia: "Amechoka kukusubiri!"
Mtu akacheka. Wa pili akacheka.
Kitufe cha tatu kilibonyezwa
kwa kidole hiki kinachoshika kalamu.
Kisha tukasikia *ta*, kama kijiti kilichovunjika.
Eulogia amezima.

Usiku kumi na saba.
Wa kumi na nane Arianwen akaenda, kisingizio chake sukari,
akamkuta mume kitandani, mguu umevunjika,
umefungiwa mpini wa sepeto,
na redio rafuni, imefunikwa kitambaa cha mikate.
"Mbona hukutuita?"
"Mlikuwa mnacheka," alisema. "Si-sikutaka kuwakatiza."

Basi nikaandika: *Ni marufuku kutukana.*
Dinko akasema, "Mimi sikutukana."
Na kweli, tusi halikuwamo.
Nikafuta.
Nikaandika: *Kila mtu awe na heshima.*
Arianwen akakohoa. "Neno kubwa, lakini halina mpini.
Tutalishikia wapi?"
Nikafuta.
Baldomero alitaka faini, kondoo mmoja kwa kicheko kimoja.
Tukapiga hesabu, tukaona wengine tungefilisika.
*Mlevi asiguse redio* ilipita,
baada ya nusu saa ya kubishania Krismasi.
Karatasi ikawa kama zizi la matope
walipopita kondoo mia nne.

Eulogia alikuwa karibu na jiko, glavu mapajani.
Hakuna aliyemtaka aseme. Tuliona haya, tukaiita haya hiyo upole.
Akasimama mwenyewe.
"Mtu a... a..."
Birika likaanza kupiga mbinja;
mtu akaliondoa motoni polepole, kama anayebeba yai.
Dinko alikuwa ameuma glavu yake.
Nami nililiona neno linakuja, nilijua mwisho wake,
lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, tamu,
nikalimeza.
"Mtu akikawia na neno," alisema,
"mwacheni ali-alizae mwenyewe."

Niliandika hivyo hivyo, sikugusa herufi.
Tukatia sahihi. Baldomero alitia dole gumba.
Hakuna aliyeomba radhi siku ile; Dinko alimfungia tandiko,
akalifunga vibaya, akalifungua, akalifunga tena.

Jumanne, saa mbili.
Bei ya sufu. Puma, hakuna.
Kisha mkwaruzo, na pumzi ninayoijua.
"Pampa," alisema. "Ame..."

Tukasikia upepo wa shamba lake ukisukuma dirisha,
saa yake ya ukutani,
na nyuma kabisa, kitu kidogo kikibweka, kisha kingine.
Watoto wa miezi miwili. Habari hii ilikuwa imezeeka njiani.
"Ame..."
Mikono minane, mbali na vitufe.
Wangu nilikuwa nimeukalia.