Upande wa Pili wa Dirisha

Miaka ishirini na tisa niliiuza njia hii
vipande vipande, kupitia kitundu cha dirisha:
Usoke mmoja. Kaliua wawili na mtoto.
Kigoma daraja la tatu, angalia mizigo yako.
Niliijua kwa nauli.
Kwa miguu sikuijua hata hadi Mabama.

Tulitoka Tabora mjini nyota zingali juu,
baridi ya Julai, ile inayouma masikio,
mimi na Kalunde, shoga yangu tangu shule,
yeye na fimbo ya mninga, mimi na begi
lililojaa kila nilichoogopa kukikosa:
sufuria mbili, mwavuli, tochi, betri za akiba,
kitabu cha nauli cha zamani, sijui kwa nini.
"Mnakwenda wapi, mama zangu?" akauliza wa bodaboda.
"Kigoma."
Akazima pikipiki ili acheke vizuri.

Saa nne begi lilishaota mizizi mabegani.
Saa saba Kalunde akanyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.
Mwenda pole hajikwai, wanasema.
Nilijikwaa mara tatu, polepole.

Mabama tulilala kwa Nyamizi, mkulima wa tumbaku.
Bani lake lilifuka usiku kucha,
harufu tamu, nzito, ikaingia kwenye nywele na kwenye ndoto.
Asubuhi nikamwachia sufuria kubwa, mwavuli na betri.
Akavipima kwa macho, akanijazia mfuko wa michembe.
"Hii," akasema, "haina uzito ikishaliwa."

Siku ya pili, lengelenge.
Kisiginoni, pana kama sarafu ya mia mbili.
Kalunde akalitoboa kwa sindano aliyoipitisha motoni,
akinitukana kwa Kinyamwezi, kwa upendo.
Kisha mbung'o, kisha mizinga ya magome
juu ya mitundu, kimya,
kama watu waliolala na hawataki kuamshwa.
Hapo nikajifunza kwamba msitu hauna stesheni.
Hakuna anayekutangazia kuwa umefika.
Mti, mti, kichuguu, mti,
halafu mti ambao ungeapa uliupita asubuhi.

Jioni treni ya Kigoma ikatupita.
Mtoto mmoja alitupungia hadi mkono wake ukawa nukta.
Nilihesabu mabehewa, mazoea hayaachi.
Nikajiuliza ni wangapi mle ndani
niliowahi kuwaambia: chenji hakuna, subiri pembeni.

Usoke, siku ya tatu, goti la Kalunde lilikuwa boga.
Hakulalamika. Alikaa kwenye benchi la stesheni,
akavua viatu, akavipanga sambamba
kama mtu aliyeingia kwake.
"Shoga," akasema, "Kigoma yangu mimi ni hapa."

Nikaenda dirishani. Karani kijana, shati limenyooka,
hakuinua macho.
"Tabora mmoja," nikasema,
na sauti ikatoka ndogo, ya mtu anayeomba.
Chenji hakuna, akasema, subiri pembeni.
Nikasubiri pembeni.

Kalunde aliniachia fimbo, na sindano
uzi ukiwa bado tunduni.
Hatukukumbatiana sana. Treni haikai pale,
mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya watu hivyo.

Leo ni siku ya nne, au tuseme asubuhi yake.
Urambo si mbali, wanasema,
wenye baiskeli ndio wanaosema.
Kisigino kimeanza ngozi mpya, laini, haijui kitu.
Nazungumza na fimbo. Haijibu kama Kalunde
lakini haibishi pia.
Wakati nikitafuta kiberiti nimekuta kitabu cha nauli
chini kabisa ya begi. Nimekifungua:
Tabora–Kigoma, bei za enzi zile, mwandiko wangu pembeni.
Nimekipima mkononi.
Nikachana kurasa tatu za mwisho, zisizo na kitu,
nikawashia moto wa chai,
nikakirudisha.