Msumari wa Kiatu cha Farasi

Ameileta imefungwa shuka la kitanda,
sitera ya babaye, nyuzi kumi na sita,
tatu zimeliwa na kutu.
Naichungulia kwa kioo cha daktari wa meno:
vumbi, punje ya mahindi,
hesabu ya deni la chumvi kwa penseli.

Ubao wa juu ni msonobari, haujapinda.
Matundu ya dumuzi ni ya kale, hayatoi unga.
Na hapa, palipokaa kidole gumba,
mti umelika kama kizingiti.
Hilo hupandisha bei.
Watu hununua jasho la wengine.

Lakini msumari huu?
Wa kiatu cha farasi, umepigiliwa kwenye ufa,
umepakwa gundi ya viatu.
“Nani kafanya unyama huu?”
Ulimi hauna mfupa.

“Mimi,” asema Dömötör. “Nilikuwa na miaka tisa.
Niliiangusha. Baba hakuung'oa.”

Naandika: forinti laki mbili.
Ukitoka msumari, laki tatu na nusu.
Nusu ile naikata, naiandika tena.

Anaifunga upya, pembe kwa pembe.
Ada yangu anailipa kwa sarafu,
mojamoja,
hana haraka.