Siku ya Tisini

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini.
Huku Montana hatukuwauliza:
thelathini kwanza, na hakimu akipenda, sitini juu yake.
Mimi, karani wa jela ya kaunti, ndiye mshika penseli.

Orval Stuckey aliletwa na taa ya nyuma iliyovunjika.
Askari alikuwa anaandika faini ya taa,
kompyuta ikadakia: Florida inamtafuta.
Trela ya farasi, miaka kumi na minne iliyopita,
na hundi tatu zilizorudi benki mikono mitupu.

"Utakubali kurudi kwa hiari?"
"La," alimjibu hakimu. "Waje wanichukue."
Alisema taratibu,
kama mtu anayeijua bei ya nauli.

Basi nikahesabu.
Kalenda ni ya duka la mbegu, Novemba ina trekta jekundu.
Siku hazigandi, watu husema.
Waje waione Januari ya kwetu:
mabomba yameganda, kufuli la lango la nyuma limeganda,
dizeli imekuwa uji ndani ya gari la sherifu,
na bado kila asubuhi nakata mstari.

Siku ya ishirini na tisa hakimu aliongeza sitini
bila kuvua glavu.
Siku ya hamsini na tatu nilipiga simu Tallahassee:
faili iko mezani.
Siku ya sabini: faili imerudishwa, ilikosa muhuri.
Siku ya themanini na nane, muziki tu,
kisha hata muziki ukakatika.

Stuckey hakuniuliza hata mara moja zimebaki ngapi.
Aliuliza kama trekta la Februari linalishinda la Januari.
Na usiku mmoja, kupitia tundu la chakula:
"Ndani ya trela hamkuwa na farasi. Andika hilo."
Sikuwa na pa kuliandika.
Fomu ina visanduku vya tarehe tu.

Usiku wa tisini nilikaa mbele ya faksi
kama anayemkesha mgonjwa asiye wake.
Saa sita kamili nikamrudishia mkanda,
dola arobaini na moja,
na koti lake la kusini, jepesi kama risiti.
Nikamwongezea blanketi la jela.
Hilo sikuliandika popote.

Saa mbili asubuhi posta imeleta bahasha kutoka Helena.
Saini ya gavana wetu, wino mzito, tarehe ya juzi.
Hati haijali kalenda yangu:
ikimfikia sherifu mkononi,
mtu aliyeachiwa hukamatika upya.

Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kituo,
naliona blanketi la kijivu.

Bahasha ina jina la sherifu, si langu.
Sherifu huingia saa nne.
Basi la Billings, theluji ikiruhusu,
hupita saa tatu na nusu.

Nimeshaichonga penseli mara mbili.