K Nne

Wiebren Tolsma, mpiga chapa wa Harlingen,
aliniletea msiba kwa kadi ya posta,
kila k imechorwa kwa wino mwekundu:
"Hadewych, mpwa wangu Douwe amejikwaa darajani.
Trei nzima ya k imetumbukia mferejini, chubwi!
Shairi lako la bukini lina k thelathini na tisa.
Mimi ninazo nne, nimezikuta mfukoni mwa aproni.
Punguza."

Punguza! Nilicheka hadi chai ikapoa.
Nimewahi kuombwa nipunguze huzuni;
mhariri mmoja wa Utrecht aliomba nimpunguze mama yangu.
Wa kuniomba herufi hajawahi kutokea.

Nikamjibu kwa bili:
"Kodi ya nafasi tupu zilizoachwa na k,
thelathini na tano, senti kumi kila moja:
yuro tatu na nusu.
Ukichelewa nakuandikia kwa z."

Lubbert, mjalidi wetu wa Groningen, ambaye hakuulizwa,
akatuma bahasha nzito inayovuja gundi:
l kumi na saba na alama za mkato zilizokatika miguu.
"Ziunganisheni. Nani atatazama?
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki;
kuhusu herufi zilizomwagika majini walinyamaza,
kwa hiyo tuko huru."

Douwe naye, akitaka kutubu,
alivua k kwa sumaku na kamba Jumamosi tatu.
Akapata baiskeli, ufunguo, nusu ya kiti.
Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia
kwamba risasi na sumaku si ndugu.

Basi usiku mmoja nikaifungia k nje
kama paka mwenye matope,
nikaketi, nikamtumia Wiebren huu:

Barua nimeituma, isome pale mezani;
Herufi moja nanyima, isipite humu ndani;
Bata mwitu wanahama, theluji imo njiani;
Na wewe, bwana, simama, chapa bila samahani.

Siku tisa kimya.
Kisha ikaja karatasi ya majaribio,
wino mbichi, ukaniachia doa gumbani.
Pembeni, kwa penseli:
"Hongera. Sasa nimeishiwa a."

Kitabu kilitoka Februari, nakala hamsini na mbili,
uzi wa Lubbert umepinda kidogo, kama kawaida yake.
Nikahesabu k. Ni ugonjwa huu,
siku hizi nazihesabu hata kwenye pakiti ya unga.
Tatu zimo kwenye shairi la barafu.
Moja kwenye anwani ya karakana.
Na moja ukurasa wa kwanza, palipo na jina peke yake:
Geeske.

Tano, basi. Na alikuwa na nne.
Hii ya tano imenenepa, shingo imeinama,
na ukipapasa nyuma ya karatasi
imebonyea kuliko ndugu zake.
Nikaandika: "Hii umeitoa wapi?"

Kadi ikarudi bila salamu, bila sahihi.
K moja tu, kubwa kama kiganja,
na ndani ya weusi wake mistari myembamba,
mistari ya mti.
Ule mpeasi wa uani
alioupanda Geeske mwaka walipohamia,
ulioangushwa na dhoruba ya Novemba,
ambao tangu mazishi hatukuwahi kuutaja,
si mimi wala yeye,
katika mizaha yetu yote.

Nimeibandika juu ya sinki.
Bili nimeifuta.