Jino la Baba Si Langu

Umeniuliza njia, Upokoina,
kwa ujumbe wa saa sita usiku, bila hata salamu:
kazi yako inasomewa wapi, miaka mingapi,
na hesabu ni lazima?

Hesabu si sana. Biolojia ndiyo. Kemia kiasi.
Miaka mitatu Dunedin, mji wa vilima na mvua ya ubavuni,
nilikolala na soksi mbili-mbili hadi Novemba.

Ila njia yangu haikuanzia huko.
Ilianzia jikoni Tokoroa, kwenye bilauri ya bibi,
meno yamelala majini
kama kicheko kilichovua viatu.
Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wiki moja kabla ya harusi
wakamng'oa yote, mabovu na mazima,
ili mume asije akaoa gharama.
Katika picha ya siku ile amefumba mdomo.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na bibi alilijua pengo lake kwa ulimi, kila usiku.

Mwaka wa kwanza nilifundishwa na kichwa kisicho na mtu:
mashavu ya mpira, meno ya skrubu.
Nilimwita Bwana Kimya.
Unatazama kwenye kioo kidogo,
mkono unaagizwa kulia, unakwenda kushoto.
Nilichimba gego lake hadi likawa handaki.
Bi. Strachan akachungulia, akasema:
"Huyu hakulia. Usimzoee."

Mwaka wa pili tulichomana sindano.
Sohee alinidunga, mkono wake unatetemeka kuliko taya langu.
Shavu likafa ganzi, chai ikanimwagikia kifuani,
tukacheka, mimi kwa nusu ya uso.
Hapo ndipo nilipoijua ganzi ya mtoto:
maumivu yameondoka, sawa,
lakini na mdomo wako nao
hujui umekwenda wapi.

Wa tatu ni wagonjwa, mitihani, usajili.
Kisha njia inapanda.
Sohee yuko Christchurch, anakwangua ukoga wa wenye bima.
Mimi nilichagua gari jeupe
linaloegeshwa kando ya uwanja wa raga wa shule.
Watoto wanaliita nyumba ya mauaji,
jina walilolirithi kwa bibi zao, kama pua.

Jumanne aliletwa Manaaki, miaka sita,
meno ameyabana kama mlango wa dhoruba.
Nikampa kioo, nikakaa mimi kitini.
Akahesabu yangu hadi kumi na tisa, akapotea, akaanza upya.
"Hili lilitoboka," akasema.
"Lilitoboka. Likazibwa."
Akafikiri.
Akafungua.

Sasa hili hawaliandiki kwenye kijitabu cha chuo.
Jumapili baba alikuja na shavu limeumuka,
miaka thelathini ya kiwanda cha mbao,
akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaachama kama mtoto wa darasa la kwanza.
Nikawasha tochi ya simu.
Gego la nyuma, jeusi hadi mzizi.
Leseni yangu inaziba hadi miaka kumi na minane,
inang'oa ya utoto tu.
Kwa wakubwa nasafisha, natazama fizi, nashauri.
"Baba, jino hili si langu."
Akaniangalia. "Miaka mitatu yote ile?"

Nilimpeleka Hamilton, saa nzima barabarani.
Nikakaa nje nimeshika koti lake,
nasikiliza mlio ninaoujua kwa jina la kila chuma,
na wivu, sikufichi, wivu.

Njoo Jumamosi tujaze fomu. Njoo na cheti cha biolojia.

Wakati wa kurudi ganzi ilikuwa bado imemshika.
Karibu na daraja alijaribu kuniambia kitu.
Neno likatoka halina kingo, limelowa, limepinda.
Sikumwambia arudie.
Lugha hiyo nimeisomea.